Kichwa cha Kupimia

Mtaani hakuna anayenijua kwa jina nililopewa na mama. Wananiita Nusu. Jina hilo nililipata kwa sababu kwa miaka kumi na nane nimetembea na kichwa kilichogawanyika katikati: upande wa kulia unang'aa kama sufuria jipya, upande wa kushoto mkavu kama ulivyoumbwa. Watoto walinicheka waziwazi, wakubwa walitabasamu kwa adabu, na mke wangu alipokuwa bado mchumba alimuuliza dada yake kama mwanamume yule ana akili timamu. Ninazo. Nilikuwa kazini.

Kazi yenyewe ni hii. Tuna saluni ya wanaume, mimi na kaka yangu. Viti vitatu vya kuzunguka, vioo vitatu, benchi la kusubiria, na nyuma ya pazia la bluu chumba kidogo chenye sinki, jiko la kuchemshia maji na kamba za kuanikia taulo. Saluni aliianzisha baba, na alituachia pamoja na sharti moja ambalo sijalisikia kwa kinyozi mwingine yeyote: hakuna kitu kinachogusa kichwa cha mteja kabla hakijakaa siku tatu kwenye kichwa cha mwenye duka. Iwe jeli, nta, pomadi, krimu ya mawimbi au piko ya kuficha mvi. Siku ya kwanza unapaka kidogo nyuma ya sikio. Siku ya pili unapaka nusu ya kichwa, na ile nusu nyingine unaiacha ikuonyeshe tofauti. Siku ya tatu unafanya kazi nacho, unatokwa jasho nacho, mchana unakiosha, na ukishaosha ndipo unatoa hukumu. Kabla ya kuosha, hata ukiulizwa na nani, unanyamaza. Baba aliwahi kutapeliwa na kopo moja lililojifanya zuri siku mbili na nusu, na hakusahau mpaka anaingia kaburini.

Alipofariki tulikaa kwenye lile benchi, mimi na kaka, tukagawana kazi. Kaka akasema, "Mdogo wangu, mimi nitatoa mdomo, wewe utatoa kichwa." Tukacheka. Sikuona ubaya wowote. Nywele zake zilikuwa nywele kweli, nyeusi, nzito, za mawimbi yanayojipanga yenyewe. Mteja akiziona anakaa kitini kabla hajakaribishwa. Huwezi kuchezea tangazo la duka. Zangu zilikuwa nywele za kawaida, na nilikuwa na miaka ishirini na miwili, umri ambao mtu hudhani nywele haziishi.

Nikianza kutaja niliyopakwa sitamaliza leo. Kulikuwa na jeli ya kijani iliyokauka saa sita mchana ikageuka unga mweupe, watu wakanikwepa kwenye foleni kama mwenye mba wa kurithi. Kulikuwa na nta ya kopo la bati iliyosimama vizuri asubuhi, jua lilipowaka ikateremka mpaka kwenye nyusi, na siku hiyo ndiyo niliyokwenda kumsalimia baba mkwe. Kulikuwa na krimu yenye harufu ya keki iliyopaka mito yote ya nyumbani rangi ya chungwa, mke wangu akanipa gunia niwekee kichwa. Na kila kimoja nilikikariri: kinanata vipi kidoleni, kinanuka nini kikipata jasho, kinatoka kwa maji baridi au kinadai ya moto. Nifunge macho, uniwekee tone kiganjani, nitakwambia litamfanya nini mtu keshokutwa.

Niliyoyajua nilimwambia kaka wakati tunafagia, na kesho yake nilimsikia akiwaambia wateja. "Hii, bwana, usipake nyingi. Chukua kiasi cha punje ya mahindi, ipashe kwanza viganjani." Punje ya mahindi ni maneno yangu. Kuipasha viganjani ni maneno yangu. Wateja walimwita Profesa, naye akaitika bila hata kukohoa. Mimi nikiwa kiti cha tatu na mashine yangu mkononi, niliambiwa, "Nusu, hebu sogeza feni huku."

Sikulalamika. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba sikulalamika mapema, kwa sauti, kama mtu mzima. Nilijikaza kisabuni nikasema ipo siku atanitaja mwenyewe.

Mwaka wa kumi na tano nywele zikaanza kunihama. Zilianzia nyuma ya sikio la kulia, mahali ambapo kila kitu kipya kilianzia. Alama moja ukubwa wa kifungo, halafu mbili, halafu zikaungana. Ngozi ya hapo ikawa laini na inang'aa hata bila kupakwa kitu. Kaka akaniita pembeni.

"Mdogo wangu," akaniambia, tena kwa upole, nampa haki yake, "mteja akiingia akakuona hivyo atafikiri sisi ndio tuliokufanya hivyo."

"Kwani si ni sisi?"

Akacheka akanipiga bega. Kesho yake aliniletea kofia, kofia nzuri kabisa. Wiki iliyofuata kiti changu akapewa kinyozi mwingine, na mimi nikahamia nyuma ya pazia kuchemsha vitana, kufua taulo na kuosha vichwa vya wateja kwenye sinki. Na kuendelea kupima. Kupima hakukusimama hata siku moja, maana sehemu zilizobaki na nywele bado zilikuwa na kazi ya kufanya.

Miaka mitatu nikakaa huko. Halafu akaja dada wa kampuni.

Nilimsikia kabla sijamwona, viatu vyake vinagonga sakafu kwa haraka. Aliwasalimia watu wote vizuri, akasema anatoka kampuni inayotengeneza vipodozi, wanataka kuingiza sokoni pomadi moja ya wanaume, na kila alikopita mjini aliambiwa jambo moja: ukitaka kujua kitu cha nywele ni kizuri au kibaya, nenda saluni ile, hawajawahi kukosea. "Sasa naomba kumjua," akasema, "nani hapa anayepima?"

"Mimi mwenyewe, dada," kaka akajibu. "Kila kitu kinapita hapa kwanza." Nilichungulia pembeni ya pazia nikamwona akijipapasa mawimbi yake kwa kiganja, taratibu, kama anayembembeleza paka. Nilikuwa nimeshika taulo lililolowa, na maji yake yalinitiririkia viatuni mpaka soksi zikalowa.

Dada yule akatoa makopo matatu meupe yasiyo na maandishi, yana namba tu kwenye kifuniko: moja, mbili, tatu. Moja kati ya hayo ndilo litakalouzwa kwenye saluni zote za mji, na kifunikoni itawekwa picha ya aliyelichagua. Atarudi Alhamisi saa tisa mchana na mkubwa wake kuja kusikia jibu. Ilikuwa Jumatatu.

Alipoondoka nikatoka nyuma ya pazia. Vinyozi wengine wawili walikuwa wamekwenda kula.

"Nitapima," nikamwambia kaka. "Lakini Alhamisi useme ni mimi."

"Useme nini?"

"Sitaki picha. Sitaki sura yangu kwenye kopo la mtu. Kofia nitaivaa. Wewe sema tu mbele ya watu: huyu mdogo wangu ndiye anayepima. Basi."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, kaka."

"Mbona unaongea kama nimekukatalia?" Akanishika mabega yote mawili. "Nitasema. Haki ya baba vile, nitasema."

Nilimwamini. Nilirudi kwenye sinki nikafua taulo huku napiga mluzi, kitu ambacho sikumbuki lini nilikifanya mara ya mwisho.

Jumanne nikapaka namba moja nyuma ya sikio la kulia, namba mbili nyuma ya la kushoto, namba tatu kisogoni. Jumatano nikakigawa kichwa mafungu matatu, maana nusu hazingetosha, na kwa zile nywele zilizobaki ilikuwa kama kugawa mkate mmoja kwa msiba mzima. Mke wangu alinitazama nilipokuwa nanywa chai. "Leo si Nusu tena," akasema. "Leo wewe ni Theluthi." Tulicheka mpaka chai ikapoa. Nilimsimulia ahadi ya kaka, naye akasema ataninyooshea shati la Alhamisi.

Namba moja ilikuwa nta ngumu, inashika, lakini siku ya pili ilianza kukatika na kuacha unga. Namba tatu haikuwa na sura: rangi ya uji, haina harufu, ukiitazama unadhani ni grisi ya baiskeli. Namba mbili ndiyo iliyokuwa bibi harusi. Ilinukia kama hoteli, iliteleza, iliburudisha ngozi kama mtu amekupulizia, na nywele zilipata mng'ao ambao sijauona popote. Ningekuwa mtu wa siku mbili ningeipigia makofi. Lakini Jumatano saa kumi ule ubaridi uligeuka joto, na Alhamisi asubuhi mke wangu aliinua mto wangu akautazama upande wa kushoto.

"Hii ni damu," akasema.

"Ni kijidamu tu."

"Na hizi ni nywele zako. Hizi hazikuanguka, hizi zimekatika. Ni ipi hii iliyokuchoma?"

"Namba mbili," nikamwambia. "Usijali, ndiyo maana tunapima."

Saa sita mchana nikachemsha maji, nikaosha. Namba moja ilitoka kwa shida. Namba tatu ilitoka mara moja, na chini yake ngozi ilikuwa imetulia na nywele zimesimama imara, hata nilizivuta kwa makusudi zikakataa. Nilipofika upande wa namba mbili, povu lilianguka kwenye beseni likiwa limebeba nywele. Ngozi ya pale ilikuwa nyekundu ya kuungua, na maji ya uvuguvugu niliyasikia kama pilipili. Hukumu haikuhitaji kufikiriwa: namba tatu. Nilijifuta, nikavaa shati langu lililonyooshwa, nikavaa kofia, nikasimama kando ya pazia.

Saa tisa walifika: dada wa kampuni, mkubwa wake mwenye tai, na mpiga picha. Kaka alikuwa ameita wateja wake wa siku nyingi, saluni ilijaa mpaka mlangoni. Akaanza kuwatambulisha watu wake kwa madaha. Huyu ni kinyozi wangu wa kiti cha pili, mkono wake mwepesi ajabu. Huyu wa kiti cha tatu, bingwa wa ndevu. Kisha akanifikia. Nilinyoosha mgongo.

"Na huyu ni mdogo wangu," akasema. "Anatusaidia usafi huku nyuma. Mkiona taulo nyeupe, mshukuruni yeye."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Dada wa kampuni akanipa ncha za vidole. Mimi nilimtazama kaka, nikingoja amalizie, labda alikuwa anatania kwanza kabla ya kusema. Alikuwa ameshageukia makopo. Ndipo nikajua nimepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi niliyekwisha kupakwa kila kitu kingine. Roho iliniuma vibaya sana. Nilihisi machozi, na kwa hasira ya kuyahisi nikaingia nyuma ya pazia.

Alinifuata. Nilimsikia akiwaambia wageni, "Nipeni dakika moja niyatazame kwa mara ya mwisho," akaja na makopo yote matatu kifuani.

"Haraka, ni ipi?" akaninong'oneza.

"Uliapa kwa baba."

"Mdogo wangu, umeiona ile kamera? Umemwona yule mkubwa wao? Sasa nikusimamishe pale na hiyo kofia, nikwambie uivue, watanunua nini? Hii ni riziki yetu sote. Tutaongea baadaye. Ni ipi?"

Hakuuliza imekuwaje. Hakusema nivue kofia aone. Miaka kumi na nane, na kitu alichotaka kutoka kwenye kichwa changu kilikuwa namba ya kopo tu, haraka, kabla mpiga picha hajachoka.

"Mbili," nikasema.

"Una hakika?"

"Nimeosha sasa hivi."

Akanipiga bega akatoka.

Niseme nilichofikiria, maana nimekuwa na muda wa kutosha kukitazama. Nilifikiri kampuni haiwezi kutojua inachotengeneza. Nilifikiri lile kopo ni mtego waliouweka kupima wapimaji, na kaka akilichagua watatazamana, watacheka, na Profesa atabaki amesimama katikati ya saluni ya baba hana la kusema. Nilitaka aaibike robo saa. Naapa nilitaka hiyo robo saa tu.

Kaka akalifungua kopo namba mbili akalinusa kwa macho yaliyofumba. Akazungumza kuhusu ubaridi wake, mng'ao wake, jinsi linavyokaa na jasho. Akasema la kwanza ni gumu mno na la tatu halina uhai. Akachukua kiasi cha punje ya mahindi, akaipasha viganjani, akajipaka mawimbi yake mbele ya kila mtu, na mawimbi yakawaka.

Yule mwenye tai akasimama akapiga makofi. "Mzee, umetuondolea mzigo," akasema. "Tulikuwa tunaomba uchague hiyo hiyo. Maboksi yake tumeshachapisha. Hizi mbili tulizibeba tu ili uchaguzi nao uwe uchaguzi." Saluni nzima ikacheka. Walimvisha kilemba cha ukoka mpaka kikamfunika masikio, na kamera ikapiga, ikapiga tena. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, upande wa kushoto wa kichwa unaniwaka moto.

Nilipaswa kutoka wakati ule ule. Najua. Nilichokifanya ni kukunja taulo.

Baada ya wiki mbili maboksi yakaja. Vifuniko vilikuwa na uso wa kaka unaotabasamu, na chini yake maneno: Imepimwa Siku Tatu na Profesa. Nilitumaini pomadi hizo hazitauzika, lakini zilikwisha kabla ya Jumapili. Wateja waliopakwa mara moja baada ya kunyolewa hawakusema mengi. Walijikuna wakadhani ni nywele zilizokatwa. Nilichoweza kufanya nilifanya, na ni aibu kukisema: waliokuja kuoshwa sinkini niliwaosha mara mbili, haraka haraka, nikijipa moyo kwamba nimesaidia.

Kaka yeye hakuwa mteja. Yeye alikuwa uso wa kifuniko. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango alisimama mbele ya kioo cha kiti cha kwanza, akachota, akapaka, akachana, akaongeza. Nami kila asubuhi nilikuwa nimesimama hatua nne nyuma yake nikiwasha jiko la maji. Nitamwambia leo mchana, nilijisemea. Mchana ulipofika nikasema nitamwambia kesho, wateja wakiwa wachache. Kumwambia kulikuwa na maana ya kumwambia pia kwamba nilidanganya, na nilikuwa bado nina hasira, tena hasira tamu, sikutaka kuitema.

Mke wangu aliliona kopo dukani. Alikuja nyumbani akaliweka mezani, uso wa kaka ukitutazama.

"Hii ndiyo waliyoichagua?"

"Ndiyo hiyo."

Akalifungua, akanusa. Harufu ile aliijua, alikuwa ameifua kwenye foronya. "Si ndiyo iliyokuchoma wewe?"

Nilichukua kifuniko nikakilaza kifudifudi.

"Mwambie kaka yako."

"Nitamwambia."

"Mume wangu, usiniambie mimi kwamba utamwambia. Nenda ukamwambie." Hakunicheka, hakupaza sauti. Alilichukua lile kopo akalitupa kwenye taka, na siku zile hakuniita Nusu wala Theluthi wala chochote.

Wiki ya nne kaka akaja na kofia. Aliwaambia wateja ni mtindo mpya, wakamsifu. Mimi niliona jinsi alivyoivaa, imevutwa mpaka kwenye masikio, nami najua mtu anayevaa kofia namna hiyo anaficha nini. Hata hivyo kopo lake la kila asubuhi hakuliacha; sasa aliingia nalo chooni, akafunga mlango, na akitoka harufu ile inatoka naye.

Jumamosi iliyofuata saluni ilikuwa imejaa nilipovisikia tena viatu vya dada wa kampuni. Safari hii hakusalimia vizuri. Alikuwa na rundo la karatasi, na nyuma yake wanaume wanne au watano wa mtaani, mmoja amefunga kitambaa kichwani.

"Profesa, naomba unisaidie," akasema. "Hizi zote ni barua za watu walioungua. Ofisini wananiuliza mimi. Hii kitu uliipima kweli?"

Mashine zikazimwa. Nilikuwa nimesimama kwenye pazia. Nilijua sasa atanitoa kafara, na nikawa tayari nimejipangia maneno ya kumjibu, makali, niliyoyanoa muda mrefu.

"Dada," kaka akasema, "nikwambie ukweli ambao nilipaswa kukwambia siku ile. Mimi sijapima kitu chochote katika maisha yangu." Akaja mpaka kwenye pazia, akanishika mkono, akaniongoza hadi katikati ya chumba. "Anayepima ni huyu. Mdogo wangu. Miaka kumi na nane kila kitu kimepita kwenye kichwa chake, na hili duka limesimama juu ya kichwa hiki. Mimi nilimficha kwa kuona haya. Mungu anisamehe, na yeye anisamehe. Hajakosea hata mara moja."

Kisha akavua kofia yake. Mtu mmoja kwenye benchi akasema "Aa!" Mawimbi yalikuwa yamebaki mafungumafungu, na kati yake ngozi ilikuwa nyekundu, imepasuka, inatoa maji.

"Mnaona? Na mimi imenichoma," akawaambia. "Lakini hata leo asubuhi nimeipaka, kwa sababu huyu alisema ni nzuri. Akisema nzuri, ni nzuri. Basi ubaya uko kwenye ngozi zetu, au tunapaka vibaya. Si kwake. Mdogo wangu, waambie."

Maneno niliyoyangoja miaka yote hiyo yalikuja mazima, hayakupungua hata moja. Watu wote wakageuka kunitazama, na katika macho yao kulikuwa na ile heshima niliyoililia. Nilitamani sakafu ipasuke.

"Ni mbaya," nikasema.

"Nini?"

"Pomadi ni mbaya. Nilijua tangu saa sita mchana ya Alhamisi ile. Nzuri ilikuwa namba tatu."

Feni ilikuwa inazunguka. Dada wa kampuni akakaa kwenye benchi, karatasi zikamteleza mapajani.

"Ulijua," kaka akasema.

"Nilijua."

"Na kila asubuhi ulikuwa unaniona nikipaka."

"Nilikuona."

"Kwa nini?"

Yale maneno makali niliyoyanoa yote yalinipotea. Likabaki moja. "Ulisema nasaidia usafi," nikamwambia. Nililisikia likitoka mdomoni mbele ya watu wenye vichwa vilivyoungua, na lilikuwa jambo dogo, dogo kuliko nilivyolibeba.

Kaka hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana. Alikwenda akakaa kwenye kiti cha kwanza, kiti cha baba, akajifunika shuka la kunyolea mwenyewe, akafunga macho.

"Ninyoe," akasema. "Zote."

Nikachukua mashine. Nilianzia kisogoni, nikapita pembeni ya vidonda polepole, nikizuia ngozi kwa kidole gumba ili meno yasimkwaruze. Nywele zake zilianguka kwenye shuka kwa vishungi, bado zinanukia. Nilipomaliza nikamfuta kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, sikutumia spiriti, na nilihisi mishipa ya shingo yake ikikakamaa kila nilipogusa. Muda wote hakufungua macho kwenye kile kioo ambamo angeniona.

Akasimama. Akalikung'uta shuka, akalikunja, akaliweka juu ya mkono wa kiti.

"Asante, fundi," akaniambia, kama unavyomwambia mtu uliyeingia dukani kwake kwa sababu mvua inanyesha. Akavaa kofia, akawaaga wateja mmoja mmoja, akatoka.

Saluni bado ipo. Mimi ndiye ninayesimama kiti cha kwanza sasa, bila kofia, na hakuna asiyejua nani anapima. Kaka amepata kazi kwingine. Nywele zake hazikurudi, na kila baada ya wiki mbili anakuja kunyolewa zile chache zilizobaki, anakaa foleni kwenye benchi kama watu wengine, na zamu yake ikifika anakaa kitini na kufunga macho. Akimaliza ananishukuru kwa maneno yale yale. Neno mdogo wangu hajalitamka tena, na mimi ninapomwita kaka, anaitika kama mteja.